Shuka Moja, Mikono Tisa

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana nakujua, ukiwa umesimama husomi kitu, unaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni mpaka inafuliwa pamoja nayo. Kaa kwanza.

Mimi mzima. Kile kifua kilichonisumbua kimeniachia, imebaki sauti tu, nakwaruza kama mlango. Baba anaendeleaje na goti lake? Bado anabishana na redio? Mwambie nimemuota amenyoa ndevu, nikaamka nimecheka peke yangu na wenzangu wa bweni la wafanyakazi wakaniangalia.

Na Chiriku wangu je? Juzi ametimiza miaka minne na miezi mitano, nimehesabu. Sijapiga simu, kama ulivyoniomba. Tangu niondoke mwezi wa tisa nimeisikia sauti yake mara mbili tu, na uliponiambia kwamba baada ya kunisikia analia na kukataa kula siku mbili, basi nikakubali tuwe tunaandikiana. Lakini dada, niandikie na maneno yake. Akisema jambo, liandike vilevile alivyolisema.

Sasa nikueleze hii shahada, maana mara ya mwisho uliniuliza ninasoma nini hasa nikajibu ovyo. Ni shahada ya biashara, ile ya jioni, ya watu wenye kazi zao. Mimi niliingilia mlango wa wenye uzoefu wa kazi, na kile cheti changu cha mwaka juzi. Darasani kuna watu wa benki, watu wa bima, kijana mmoja anayevaa tai hata Jumamosi. Nilipojitambulisha kwamba nafua mashuka ya hoteli, mmoja akaniita Mama Shuka, na jina likakaa. Si wabaya. Ni kwamba wakati wa mapumziko wanakwenda kula pamoja, na mimi nabaki nasoma, au najifanya nasoma.

Muhula huu nina masomo matatu. Kitabu cha mwongozo kinasema kila somo linataka saa kumi kwa wiki nje ya darasa. Nikachukua kalamu: saa za dobi, saa za darasa, saa za kitabu, saa za kulala. Nikagundua wiki yao ina siku tisa. Mbili hizo sijui wenzangu wanazipata wapi.

Na alama ziko hivi. Kila somo lina mia. Sitini ni za mtihani wa mwisho, arobaini ni za kazi za muhula: majaribio mawili ya alama kumi kumi na mradi mmoja wa alama ishirini. Katika hizo arobaini usipofikisha kumi na sita, kwenye mtihani huingii. Jumla ikipungua hamsini, umeanguka, na ukianguka somo moja unarudia mwaka.

Nakuambia haya kwa sababu moja. Msimamizi wetu wa dobi anastaafu mwezi wa saba. Meneja aliniita akaniambia kwa mdomo wake, “Ukivuka mwaka wa kwanza, nafasi ni yako. Ukirudia, natafuta mtu wa nje.” Na msimamizi, dada, ana vyumba viwili nyuma ya jengo, na mtoto anaruhusiwa. Nimekwenda kuvichungulia. Kimoja kina dirisha la chini, mtoto akisimama anaona nje bila kupandishwa kwenye kiti.

Nikivuka, namchukua mwanangu. Ndiyo habari yote.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa, nimesoma. Baba hajanyoa ndevu na hana mpango. Goti linamsumbua asubuhi, mchana analisahau. Redio imemshinda, siku hizi anabishana na mimi.

Mimi nina sare za shule sabini za kushona na vitambaa vimeletwa pungufu, kwa hiyo usitegemee barua ndefu. Macho yangu yanazidi kuchoka. Chiriku ndiye anayeniingizia uzi kwenye sindano. Anatoa ulimi pembeni, anafunga jicho moja, anaupitisha mara moja tu. Wateja wanasema nimepata fundi.

Ulitaka maneno yake. Jana alimwambia babu yake, “Wewe goti lako halina adabu.” Hayo yanatosha.

Soma kwa amani. Habari za vyumba usiziwaze sana, mtoto hapa hana shida yoyote. Simu usipige.

Dada yako


21 Machi

Mdogo wangu,

Sasa umesoma mpaka umesahau kusalimia? Nimefungua bahasha yako, nimekaa kama unavyotaka, natafuta shikamoo yangu sioni. Naona namba ya usajili, naona “Utangulizi”. Nikasema haya, labda salamu ziko mwisho. Mwisho naona “Hitimisho na Mapendekezo”, na mimi sikupendekezewa kitu.

Lakini nimeisoma yote, kurasa kumi na nne, maana ni mwandiko wako na nilikuwa na hamu nao. Sikujua kazi yako ni kubwa hivyo. Kumbe umesimama na saa ya ukutani unahesabu kila shuka linapokwenda, nani analipokea, linasubiri dakika ngapi kwenye toroli. Nimemsomea Chiriku. Nilidhani atalala, akadai tena. Sasa ameikariri ile sehemu yako ya katikati, anazunguka uani na kitambaa kichwani anasema, “Shuka moja hupita mikono tisa kabla ya kurudi kitandani.” Anaipenda hiyo tisa. Baba amemuuliza mikono tisa ni ya watu wangapi, akasema wanne na mmoja ana mkono mmoja.

Barua ijayo, salamu kwanza.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Shikamoo, na nisamehe haraka yangu. Kama umefungua bahasha yangu hukukuta salamu, ujue ile si barua. Ni mradi wangu. Ni zile alama ishirini.

Nimejitia aibu mwenyewe. Nilitaka niwe wa kwanza kukabidhi. Mwisho ni Ijumaa tarehe 4 Aprili, mimi nikamaliza tarehe 17 Machi, nikajiona. Nilikuwa na bahasha mbili za kaki zinazofanana, moja ya chuo na moja yako. Nikaziandika majina juu kwanza zikiwa tupu, kisha nikaitwa kupokea mashuka, niliporudi nikatumbukiza na kugundisha. Jana baada ya kipindi mwalimu akaniambia nibaki. Akanipa bahasha. Ni mtu mzima, mwenye mvi, hacheki. Akasema, “Nimesoma mstari wa kwanza tu. Mimi si dada yako, na nimekaa.”

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini hakuwa mkali. Alisema muda bado upo, niilete kazi yenyewe. Ikipita tarehe 4, kila siku inakatwa alama mbili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na baada ya wiki haipokelewi. Kazi zote anataka za mkono, kwa sababu watu wananakili kutoka kwenye simu. Na mimi, dada, sikutoa nakala. Vipimo vyote viko humo. Vile vikaratasi nilivyoandikia nikiwa kazini nilivitupa, nikasema nimemaliza.

Kwenye majaribio mawili ya somo hilo nimepata tano na sita. Hiyo ni kumi na moja. Bila mradi sifiki kumi na sita.

Nimekupigia jana mara tatu na leo mara mbili, simu yako imezimwa. Hii naituma kwa basi la asubuhi, itakufikia baada ya siku tatu. Ukiituma siku hiyohiyo, nitaipata tarehe moja au mbili. Nitakwenda kusubiri mwenyewe ofisi ya vifurushi. Tafadhali, dada. Mbusu Chiriku kwenye paji la uso.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana jioni. Pole sana. Simu iliingia maji, nimeianika. Mradi wako uko salama, haujakunjwa. Nimeufunga kwa kitambaa na uzi mara tatu, na leo hiihii naupeleka ofisi ya vifurushi. Usilie, utaupata.

Wote wazima.

Dada yako


3 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye benchi la ofisi ya vifurushi. Jana nilikuja, basi likafika, hamna. Leo limefika, wameshusha mpaka godoro la mwisho, hamna. Karani amenizoea sasa, ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Nimekupigia. Bado umezima.

Labda kesho. Barua ya tarehe 21 nimeipata, ile ya mikono tisa. Nimeisoma hapahapa nikacheka, mama mmoja aliyekaa karibu akaniuliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia ndiyo.

Mdogo wako


22 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Hapa mvua imeshika, mashuka hayakauki kwa upepo, yote yanapita kwenye mashine ya joto, na dobi zima linanuka pamba iliyoungua. Baba apake goti mafuta ya moto.

Kifurushi kimefika. Asante. Ulikifunga vizuri kweli, nilihangaika na fundo lako la tatu mpaka nikatumia meno. Ndani nimekuta kazi yangu na barua yako ya tarehe thelathini mwezi wa tatu. Muhuri wa ofisi ya vifurushi unasoma tarehe kumi na moja mwezi wa nne. Huenda kililala mahali.

Usiwe na wasiwasi, niliandika upya. Ijumaa ile ya mwisho nilipotoka kwenye benchi mikono mitupu nilijiambia shuka bado zipo na saa ya ukutani bado ipo, kwa nini nikae. Jumamosi nikaomba zamu mbili ili nishinde pale dobi kutwa. Nilipima kila kitu tena. Wenzangu wakaanza kunitania, wakipokea toroli wanapiga kelele “wa nne huyu, andika”, “wa tano huyu, andika”. Wa tisa ni yule bibi wa kukunja, mzee kuliko wote, hajui kusoma. Aliniuliza, “Na mimi nimo humo?” Nikamwambia yumo. Akasema basi niandike kwamba mikono yake inauma siku za baridi na shuka zinachelewa kwa sababu hiyo. Kwenye kazi ya kwanza sikuwa nimeandika hivyo. Nilikuwa nimeandika “ucheleweshaji katika hatua ya mwisho”.

Nikaandikia juu ya kifuniko cha mashine wakati wa chakula, Jumapili na Jumatatu. Jumanne tarehe 8 nikakabidhi. Siku nne zilizochelewa, alama nane. Mwalimu alinipa kumi na nne, akatoa nane, ikabaki sita. Sita na kumi na moja ni kumi na saba. Dada, nimepita kwa alama moja. Nitaingia kwenye mtihani.

Aliandika pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyekundu: “Ingekuja kwa wakati.” Hivyo tu. Nimeisoma sana sentensi hiyo.

Sasa kwenye mtihani nahitaji thelathini na tatu kati ya sitini. Darasa zima lina makundi ya kusomea, mimi zamu zangu hazilingani na za mtu. Nasomea stoo, kati ya rafu za taulo. Pako kimya na pana joto. Wakati mwingine najisomea kwa sauti, nisikie tu mtu anaongea.

Chiriku amesema nini siku hizi? Barua yako haikuwa na neno lake hata moja.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo nimemtuma Chiriku na baba kwa jirani ili niandike bila mtu kuniuliza naandika nini.

Kifurushi hakikulala popote njiani. Kililala kwangu. Ile tarehe thelathini niliandika barua, nikafunga, nikavaa na viatu. Chiriku akaja na sindano akasema, “Mama, nikutilie uzi?” Nikavua viatu. Nikakiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya mabaki ya vitambaa. Nilijiambia kesho. Kesho nikasema kesho. Kila siku nilijua ni tarehe ngapi, mdogo wangu, usije ukadhani nilisahau. Mpaka tarehe kumi na moja nikaona imepita kabisa, wiki nzima, nikasema sasa hakitakudhuru wala kukufaa, nikakipeleka.

Unaona alivyoniita. Mwanzo alisema mama mkubwa, kama ulivyomfundisha. Siku hizi “mkubwa” ameikata. Sikumsahihisha. Ningeweza, sikutaka.

Na simu haikuingia maji. Niliizima.

Na liko jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Siku uliyopiga mara ya mwisho, hakulia. Alicheka. Alikusikia akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaenda kuchukua viatu vyake akaniambia twende. Aliyeshindwa kula siku mbili ni mimi.

Unajua nilivyorudi nyumbani kwa baba, na sanduku moja na cherehani, baada ya miaka kumi na moja ya ndoa. Unajua kwa nini walinirudisha. Sitaki kuliandika. Halafu wewe ukaja na kitoto ukaniwekea mapajani, ukasema nishikie kidogo nikatafute kazi.

Sikuombi uniambie si kitu.

Dada yako


9 Juni

Mdogo wangu,

Hujajibu. Sikulaumu. Nimeandika tu kukujulisha kwamba mtoto mzima, jino la mbele limeanza kulegea mapema, na anauliza kama mikono tisa imeongezeka.

Najua mtihani ni wiki hii.

Dada yako


12 Julai

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako ya mwezi wa tano niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu, nikashindwa kufungua hicho kitabu, na kilikuwa kitabu ninachokihitaji. Ikabidi niazime kwa yule kijana wa tai. Ndivyo nilivyoanza kusoma na watu, kwa sababu yako, kama unataka kucheka. Alikuwa ananiogopa muda wote. Anasema ninavyokaa peke yangu alidhani nawadharau.

Nilikasirika, dada. Sijui namna ya kukukasirikia, hukunifundisha. Ulinifundisha kufunga kamba za viatu, kuchana nywele, kumjibu baba bila kumkosea. Kwa hiyo nilikaa kimya, kumbe na kimya nacho ni tusi. Ule muhuri niliuona siku ileile na nikajua. Nikaandika “huenda kililala” ili unijibu wewe.

Siku ya mtihani swali la tatu liliuliza hivi: eleza jinsi ucheleweshaji wa hatua moja unavyoathiri kazi nzima. Niliweka kalamu chini kwa muda. Halafu nikaandika habari za bibi wa kukunja na mikono yake. Niliandika kwamba anayechelewesha wakati mwingine ana maumivu ambayo hakuna aliyemuuliza. Sijui kama ndilo jibu walilotaka.

Matokeo yamebandikwa juzi. Yale masomo mengine hamsini na nane na sitini na moja. Hili letu, thelathini na tano za mtihani na zile kumi na saba. Hamsini na mbili. Nilisimama ukutani nikaweka kidole kwenye namba yangu, nikaufuata mstari mara tatu, kisha nikatafuta mtu wa kumwambia. Wote walikuwa wanapigiana simu na kwao. Nikarudi kazini nikamwambia bibi wa kukunja. Alisema, “Sasa na hao wanne wenye mikono tisa wafurahi.” Nilikuwa nimemsimulia.

Meneja hakubadilisha neno lake. Funguo ninazo. Vyumba nimevipiga deki, bado havina kitu, nikikohoa vinanijibu. Nitakuja tarehe 2 Agosti kumchukua mwanangu. Hilo silijadili, na usilitafutie droo.

Lakini sitamng'oa kama jino. Nataka uje naye wewe mwenyewe, ukae nasi mpaka azoee. Kile chumba cha pili kina mwanga mzuri wa kushonea na hoteli ina mapazia ya kurekebisha yasiyokwisha. Ukitaka kurudi kwa baba, utarudi. Ukitaka kukaa, sitakuuliza mpaka lini. Atakuita vyovyote atakavyokuita. Ila na mimi nipewe nafasi ya kuitwa.

Kabla ya hapo naomba jambo moja. Jumapili ya tarehe 20, saa nne asubuhi, washa simu. Nitapiga. Usizungumze nami kwanza, mpe yeye. Akicheka, mwache acheke. Akichukua viatu, mvalishe.

Na akiuliza ni nani huyu, usimwambie. Niachie nimjibu mwenyewe.

Mdogo wako